Goli la Uani na Amana ya Watoto

Katika Sura ya Yusuf, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametusimulia kwamba ndugu zake Nabii Yusuf a.s. walipotaka kumchukua mdogo wao, hawakumwambia baba yao kuwa wampeleka kazini wala sokoni. Walimwomba amwache afuatane nao akastarehe na kucheza, na wakaahidi kumlinda. Nabii Yaqub a.s. hakujibu kwamba mchezo haumfai mtoto, wala hakusema kwamba mwana wa Nabii hachezi. Alitaja mambo mengine: kwamba atahuzunika kwa kuondokewa naye, na kwamba anachelea mbwa mwitu asije akamla nao wameghafilika. Kila tuisomapo Sura hii twaona kuwa jawabu lile lamtosha kila mzazi kuwa funzo. Mchezo wenyewe si kosa. Cha kuchelewa ni mbwa mwitu, pamoja na mghafala wa yule aliyeahidi kulinda.

Sisi tukaao Tunduma twamjua mbwa mwitu wetu, naye ana magurudumu. Mji wetu u mpakani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapa baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 900, ikavuka kuingia Nakonde upande wa Zambia, na malori yabebayo mizigo ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, yakienda na kurudi. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019 kimepunguza taabu ya karatasi, kwani ukaguzi wa nchi mbili hufanywa mahali pamoja. Hata hivyo, siku mizigo izidipo, malori husimama mstari mrefu kando ya nyumba za watu. Basi hapo ndipo mtoto hupiga mpira, mpira ukaviringika chini ya lori lililosimama, naye akaufuata kwa magoti na mikono. Dereva aketiye juu hamwoni. Akiitwa kusogea hatua kumi, atasogea. Tumekwisha kuyaona haya kwa macho yetu wenyewe, na siku hiyo tuliyoyaona Mwenyezi Mungu alisitiri, mtoto akatoka na mpira wake mkononi akicheka, wala hakujua kwa nini watu wazima waliokuwa wakimtazama walikuwa wameshika vichwa.

Lakini jambo lililotuamsha sisi wenyewe usingizini halikuwa lori, lilikuwa jiwe. Watoto wetu na wa majirani walikuwa wakicheza chandimu katika njia ya mtaa, mpira wao ukiwa ni nailoni na matambara yaliyofungwa kwa kamba, na magoli yao ni mawe mawili upande huu na mawili upande ule. Jioni moja adhana ya Magharibi ilipolia, walikimbia nyumbani kama tulivyowafundisha, na mawe wakayaacha palepale. Baada ya Isha tulisikia hodi mlangoni. Alikuwa ni kijana mwendesha bodaboda, suruali imechanika gotini, na mkononi ameshika jiwe.

Akasema, "Shikamoo, mzee. Nimewaletea jiwe lenu."

Hakututukana wala hakudai malipo. Aliliweka jiwe kizingitini taratibu, kama mtu arudishaye sufuria aliyoazima, akaenda zake akichechemea. Tulilitazama jiwe lile kwa muda mrefu. Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na kwamba kuondoa njiani kitu chenye kuudhi ni mojawapo. Amewausia pia Masahaba wajiepushe na kukaa njiani, na ikiwa hawana budi basi waipe njia haki yake, na katika haki hiyo akataja kuzuia maudhi. Na sisi, ambao husomewa Hadithi hizi msikitini tukatikisa vichwa kwa kukubali, nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ikiyaweka maudhi njiani kila jioni.

Usiku ule tuliazimia kuwapiga watoto marufuku wasicheze mpira kabisa. Mama wa watoto akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, kuwaita ndani si kazi, watakuja. Je, wakishaingia watafanya nini?"

Hatukuwa na jibu. Na haki ilikuwa yake, kwa sababu mtoto anyimwaye mchezo wa wazi hutafuta mchezo wa siri, na mchezo wa siri hauna mlinzi. Tukamkumbuka Anas bin Malik r.a., aliyemhudumia Mtume s.a.w. tangu utotoni, jinsi alivyotumwa siku moja na Mtume akawakuta watoto wakicheza sokoni, akakawia kwao. Mtume s.a.w. akamjia kwa nyuma, akamshika shingoni, na Anas alipogeuka akamwona anatabasamu. Hakumpiga wala hakumkemea. Alimkumbusha kazi aliyotumwa, basi. Tukasema: ikiwa hiyo ndiyo tabia ya yule aliye kiigizo chetu, ni nani sisi wa kufunga mlango wa mchezo? Kazi yetu ni kuwatafutia watoto mahali pa salama. Tukakata shauri kuwanunulia goli na kuliweka uani.

Huenda msomaji akadhani kwamba kununua goli ni jambo jepesi lisilostahili kuandikiwa makala. Nasi tulidhani hivyo. Ua wetu si uwanja. Urefu wake ni kama hatua kumi na tano, na ndani yake mna bomba la maji, mna kamba za nguo, na wakati wa mavuno huanikwa mahindi na maharage. Jumamosi na Jumapili asubuhi mwalimu huja akatandika mikeka akasomesha Kurani watoto wa mtaa. Kwa hiyo goli la kusimikwa moja kwa moja halikufaa. Lilitakiwa goli la kuhama, la kuwekwa baada ya Alasiri na kuondolewa kabla ya Magharibi. Nalo liwe la michezo zaidi ya mmoja, kwa maana kijana wetu wa pili na wenzake wamezoea kukata matawi ya mpera wakacheza mpira wa magongo, mchezo ambao wengi wetu bara hatuuzoei ingawa timu ya Tanzania iliucheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Basi tukatembea madukani na kwa mafundi, tukaona aina tatu. Ya kwanza ni magoli madogo ya kitambaa na waya wa kujikunja, ambayo hukunjuka yenyewe kama mwavuli na kukunjwa yakaingia mfukoni. Ya pili ni ya mabomba ya plastiki, yale yapitishayo maji, yaliyounganishwa kwa viungo vya kona. Ya tatu ni ya chuma, kazi ya fundi wa kuchomelea, ambaye hukutengenezea kipimo utakacho.

Hapa twakiri kosa letu mbele ya wasomaji, na twalikiri ili wengine wasilifanye. Tulichagua chuma, na hatukukichagua kwa kufikiri, tulikichagua kwa kujiona. Tulisema moyoni: plastiki ni ya watu wanyonge, kitambaa ni cha watoto wachanga, lakini goli la chuma kila apitaye atalitazama na kusema kwamba nyumba hii inawajali watoto wake. Tulitaka goli refu na pana, lenye sura ya goli la kweli. Fundi, Mwenyezi Mungu amlipe heri, alituuliza, "Mzee, nirefushe vyuma vya chini vinavyokwenda nyuma? Hivi ni vifupi." Tukamwambia asirefushe, maana mlango wa ghala letu ni mwembamba na goli halitapita. Akanyamaza, kwani fundi mwenye adabu hamshindi mwenye fedha kwa maneno. Bei yake ilizidi ya magunia mawili ya mahindi, tukalipa tukifurahi.

Goli likafika. Watoto waliruka kwa furaha, na wale wa njiani wote wakahamia kwetu, Waislamu na Wakristo, Wanyamwanga, Wanyiha na Wandali, hata na watoto wa ng'ambo ambao hutamka majina ya wachezaji kwa lafudhi ya Kibemba. Njia ikabaki tupu. Kwa majuma matatu tulikuwa tukikaa barazani na kikombe cha kahawa ya Mbozi tukijiona tumefaulu. Na wilayani Mbozi, pale Ndolezi, kuna kile kimondo mashuhuri, pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, lenye uzito wa zaidi ya tani kumi, lililolala kwa utulivu kana kwamba liliumbwa papo hapo. Sisi nasi tulidhani kwamba chuma chetu kimetulia vivyo hivyo kwa sababu ni kizito. Hatukujua kwamba uzito ukikaa chini ni utulivu, na ukikaa juu ni hatari.

Siku ya Alhamisi, baada ya Alasiri, mjukuu wa jirani yetu, mtoto wa miaka minane, aliruka akaning'inia kwenye mwamba wa juu, ule uitwao mtambaa wa panya. Hakuna mtoto asiyefanya hivyo. Ukimwonyesha mtoto kitu kilicho juu kidogo ya kichwa chake atakirukia. Goli likainama mbele yake. Tuliliona likija wala hatukuwahi kusimama. Mtoto alianguka kwa mgongo, na chuma kikampiga mkononi, chini ya kiwiko, mfupa ukavunjika. Kama angalianguka shubiri moja upande wa pili, kingalimpiga kichwani, na leo tungekuwa twaandika habari nyingine, au tusingekuwa na moyo wa kuandika lolote.

Tulimpeleka hospitali, akafungwa mkono, na gharama tukazibeba, kwani huo ulikuwa wajibu wetu na si hisani. Usiku tukaenda kwa babu yake kuomba radhi. Mzee huyo si Muislamu, lakini ni jirani, na haki ya jirani katika dini yetu haikubagua. Miguu ilikuwa mizito kuliko lile goli. Tulipokwisha kuamkia tukasema, "Mzee, tumekukosea katika mjukuu wako. Tutaliondoa goli lile kesho asubuhi, lisionekane tena."

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Jirani, mimi nilimruhusu mtoto aje kwenu kwa kuwa niliona kwenu ni salama kuliko barabarani. Mkiliondoa, atarudi barabarani na hilo gango lake mkononi. Msiliondoe. Lifanyeni liwe salama kweli."

Maneno hayo hatutayasahau. Mzee alikuwa ametupa amana ya mtoto wake bila ya sisi kujua kwamba tumepewa, nasi tulikuwa tumeipokea bila kuichunga. Tulirudi nyumbani tukakata shauri kujifunza kile tulichopaswa kujifunza kabla ya kutoa fedha.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba halikuwa letu peke yetu. Nchini Marekani tume isimamiayo usalama wa bidhaa ilihesabu, kati ya mwaka 1979 na 1994, vifo visivyopungua 21 vilivyoletwa na magoli ya kuhama yaliyoanguka, na mwaka 1995 ikatoa mwongozo juu yake. Wakaonya kwamba mengi ya magoli ya hatari ni yale yatengenezwayo kienyeji, katika karakana za shule au na wachomeleaji wa mitaani, kwa kuwa huwa mazito nayo hayakutulia. Tulipokuwa twasoma tulijiona kana kwamba mwandishi amesimama katika ua wetu wa Tunduma. Mwaka 2011 jimbo la Illinois likatunga sheria maalumu ya magoli ya kuhama. Na kanuni za mpira wa miguu zishikwazo ulimwenguni kote zasema wazi, katika kanuni ya kwanza kabisa ihusuyo uwanja, kwamba goli lazima lifungwe imara ardhini, na la kuhama halikuachwa nje ya amri hiyo. Tumekuwa tukiujua mpira tangu utotoni, na neno hili hatukupata kulisikia, kwa sababu tulikuwa twasikiliza khabari za mabao tu.

La pili ni kujua kwa nini goli huanguka. Goli limesimama kwa nguzo zake za mbele, na mwamba wa juu uko juu ya nguzo hizo, kwa hiyo uzito mwingi uko mbele. Kinacholizuia lisiinamie mbele ni vile vyuma vya chini viendavyo nyuma, pamoja na uzito ulio mwishoni mwake. Vikiwa vifupi na vyepesi, goli ni kama mtu aliyesimama kwa ncha za vidole: mguse kidogo tu, ataanguka. Mtoto aning'iniapo huongeza uzito wake mahali pabaya kuliko pote, yaani juu na mbele. Fundi wetu alilijua hilo alipouliza lile swali moja. Sisi tulipima mlango wa ghala, hatukupima mtoto.

Basi tukaanza upya, na mara hii tukawauliza fundi bomba, mwalimu wa Kurani aujuaye ua wetu, na mama wa watoto ambaye ndiye mwenye kamba za nguo. Chuma cha kwanza tulimrudishia fundi wetu akakikata akatengenezea miguu ya benchi za kusomea, na malipo yake tukampa. Goli jipya tukalifanya la mabomba ya plastiki ya nchi moja na nusu. Upana wake ni futi sita, kimo futi nne, na kina cha chini kiendacho nyuma ni futi tatu na nusu. Bomba la chini la nyuma tulilijaza mchanga mkavu likazibwa kabla ya kuunganishwa, hata uzito ukakaa mahali unapotakiwa. Viungo vingine vimegandishwa kwa gundi na vingine havikugandishwa, ili goli ligawanyike vipande vinne na kupita mlango uleule mwembamba uliotuponza.

Kuhusu wavu, vijana walikwisha kuleta chandarua. Tuliwarudisha. Chandarua kimewekwa kumlinda mtoto na mbu wa malaria, na kumvua kinga ya usiku ili kumpa mchezo wa mchana si akili. Tulipata kipande cha wavu mkuukuu wa wavuvi wa Ziwa Rukwa, ambao samaki wao huuzwa sokoni kwetu, tukakifunga kwa kamba laini. Kulabu za chuma tulizikataa, kwa kuwa hushika vidole na nguo. Matundu yake ni madogo kiasi cha kuzuia hata kile kipira cha magongo, na wavu tumeuvuta, haukuachwa ukining'inia chini ukanasa miguu.

Sasa, kwa faida ya jamaa wengine, twaandika kwa mpango yale tuliyoyapata, ili mwenye kununua au kutengeneza aanzie pale tulipoishia.

Kwanza, pima ua kabla ya goli. Goli kamili la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na lile la mpira wa ukumbini ni mita 3 kwa mita 2. Yote mawili hayana mahali katika ua wa nyumba. Kwa watoto wasiozidi miaka kumi, goli lisilofika kimo cha bega la mtu mzima latosha na kubaki. Liwe pia mbali na madirisha, jiko na kisima, na mgongo wake ulielekee ukuta wako, si dirisha la jirani.

Pili, mtazame mtoto atakayelitumia. Goli la kitambaa lililodharauliwa na sisi ndilo bora kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, kwa kuwa hata likimwangukia halimdhuru. Aibu yake ni upepo. Katika miezi ya kiangazi chenye baridi, Juni hata Agosti, upepo wetu wa nyanda za juu hulibeba mpaka kwa jirani, kwa hiyo nalo lataka vigingi.

Tatu, lifunge kila siku. Mtu mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Wakati wa mvua, Novemba mpaka Aprili, vigingi havishiki katika tope, basi tumia mifuko ya mchanga, uilaze juu ya bomba la nyuma. Wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu, vigingi hushika, navyo vipigwe kwa mshazari, visipigwe wima. Sisi hutumia vyote viwili, maana tumekwisha kulipa ada ya kutumia kimojawapo na cha kutotumia chochote.

Nne, lijaribu kabla ya watoto. Mtu mzima ashike mwamba wa juu katikati kwa mikono miwili, auvute mbele na chini kwa nguvu. Ikiwa bomba la nyuma limeinuka, goli halijawa tayari, na mchezo haujaanza. Jaribio hili halichukui hata muda wa kunywa maji.

Tano, likague kila mwezi. Plastiki hukauka kwa jua ikawa ya kuvunjika na kutoa makali, na chuma hushika kutu kwenye viungo. Lisipotumika, lifunuliwe na kuwekwa ndani, au lilazwe kifudifudi ardhini, mwamba wa juu uguse udongo. Kile kilicholala hakianguki.

Sita, wafundishe watoto sheria nao wazitunze. Katika ua wetu ni tatu tu: hapana kuning'inia, anayecheza na asiyecheza wote husaidia kubeba, na adhana ya Magharibi ndiyo filimbi ya mwisho, hata kama bao lilikuwa likiingia. Mtume s.a.w. ametuagiza kuwazuia watoto wasitoke usiku uingiapo, nasi twaona kwamba watoto wamelipokea agizo hilo kwa wepesi zaidi tangu lilipofungamana na kazi yao wenyewe ya kulitia goli ghalani.

Yako na manufaa ambayo hatukuyatazamia. Binti zetu, ambao njiani walikuwa watazamaji tu, wamepata mahali pa sitara pa kuchezea. Mkubwa wao ana miaka kumi na miwili, na katika mpira wa magongo humshinda kaka yake, jambo ambalo kaka hapendi litajwe. Kuna wazee waliotuuliza kama hilo lafaa. Tuliwajibu kwa adabu kwamba Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha r.a., mara moja akashindwa na mara moja akashinda, na kwamba mwili wenye afya ni neema kwa mwanamke kama ilivyo kwa mwanamume, maadamu heshima imehifadhiwa. Na kila alasiri nyumba yetu hupokea salamu za watoto wasiopungua kumi, za Kiislamu na zisizo za Kiislamu. Mlango wa jirani ulikuwa ukifunguka mara moja kwa mwezi, sasa hufunguka kila siku.

Ama yule mtoto, gango lilifunguliwa baada ya majuma sita, na mfupa ukaunga vizuri, alhamdulillahi. Siku aliyorudi uani, hakukimbilia mpira. Alisimama kwanza nyuma ya goli, akakanyaga kila mfuko wa mchanga kwa mguu wake, mmoja baada ya mwingine, kisha akatutazama sisi barazani kama mkaguzi anayengoja maelezo. Tulisimama, tukaenda, tukaushika mwamba wa juu kwa mikono miwili mbele yake, tukauvuta kwa nguvu zetu zote. Goli halikusogea. Ndipo akaingia mchezoni. Tangu siku hiyo kazi ya kuhesabu mifuko ni yake, wala mchezo hauanzi mpaka aseme imetimia.

Ndugu zetu wazazi, wengi wetu huwaogopea watoto kwa ndimi zetu, tukapiga kelele "Tokeni barabarani!" kisha tukarudi kwenye mazungumzo yetu. Kelele hazimzuii mbwa mwitu. Mpe mtoto pahali, na pahali hapo ukapachunge. Usinunue kitu chake kwa macho ya wapita njia, bali kwa macho ya siku atakapokining'inia. Na ukikosea kama tulivyokosea sisi, usiifunge njia ya kheri kwa aibu ya kosa, ila irekebishe, kama alivyotuonyesha mzee asiyesali kibla chetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na watoto wa majirani zetu, majumbani na njiani, atuondolee mghafala katika amana alizotukabidhi, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoondoa maudhi na si wanaoyaweka. Amin.